“Povu ni Povu Tu” na Dhana Nyingine Zinazoharibu Boti za Faiba

“Fundi, nimebakiwa na povu la kuhami joto kutoka kwenye ujenzi wa nyumba. Si naweza kulitia hapo katikati ya faiba?” Huwezi. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika, ili atakayefuata nimpe asome kabla hajanunua rezini, ile gundi ya majimaji inayogandisha faiba.

“Povu ni povu tu, kazi yake kujaza nafasi”

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Mtu anabishana nami nusu saa juu ya uzito wa kitambaa, anapima hadena (dawa ya kuigandisha rezini) kwa tone, halafu akifika kwenye kiini, yaani kile kinachokaa katikati ya ngozi mbili za faiba, anataka chochote chepesi kilicho karibu. Anadhani ngozi hizo zinafanya kazi yote na cha katikati ni abiria.

Chukua bapa la faiba tupu, gawa unene wake nusu kwa nusu, kisha tenganisha nusu hizo kwa kiini chepesi mpaka unene wote uwe maradufu ya ule wa awali. Ugumu wake wa kutopinda unafika takriban mara 7, na nguvu mara 3.5, kwa faiba ileile. Unene ukiwa mara 4, ugumu unafika mara 37. Ila hesabu hiyo ina sharti: ngozi mbili zisiteleze. Bapa linapopinda, ngozi moja inabanwa na nyingine inavutwa, na kila moja inataka kwenda njia yake. Kinachozizuia ni kiini. Kunja kitabu uone kurasa zinavyopishana. Zigandishe zote kwa gundi, hakikunjiki tena. Kiini kikikatika, umebaki na ngozi mbili nyembamba zinazolegalega, na hesabu yote imekwenda na maji.

Sasa tia hapo lile povu la poliuretani la kuhami joto. Kabla hujalitia, lisugue kwa kidole gumba. Linatoka unga. Sitaha zilizojengwa kwa povu hilo nimezifungua, na zote zina sura moja: ngozi ya juu inanyanyuka nzima, na upande wake wa chini una utando mwembamba wa unga wa njano. Mwenye boti anailaumu rezini. Rezini ilishika barabara. Kilichokatika ni povu lenyewe, kama milimita moja chini ya mshiko, pale ambapo kila hatua ya mguu na kila wimbi lilikuwa likilisaga.

Polistirini, lile povu jeupe la kufungia vifaa vya umeme, ina balaa lake. Rezini ya poliesta, na ya vinailesta pia, ina kemikali iitwayo stairini ndani, na stairini inayeyusha polistirini. Unapaka, unageuka kuchukua brashi, ukirudi kuna shimo. Epoksi hailiyeyushi, ndiyo maana wachongaji wa ubao wa kuteleza mawimbini wanaitumia. Hilo halilifanyi povu hilo kuwa kiini cha sitaha ya kukanyagwa na watu. Litumie kuchongea umbo, basi.

Povu la kazi ni la plastiki ya PVC iliyofungamanishwa, au SAN, au PET. Hapo utakutana na majina ya kibiashara kama Divinycell, Airex na Corecell. Na bado hujamaliza kuchagua, kwa sababu povu hununuliwa kwa uzito wa ujazo. PVC ya kilo 80 kwa mita ya ujazo inahimili mkazo wa kuteleza (ule wa ngozi mbili kuvutana kwenda pande tofauti) wa zaidi kidogo ya megapaskali 1, kipimo cha mkazo. Ya kilo 200 inazidi 3. Kwa ubavu na sitaha ya boti ndogo, kilo 80 mara nyingi inatosha. Chini ya omo, boti inapodunda juu ya mawimbi, nataka kilo 100 hadi 130, au SAN, ambayo inanyumbuka kabla ya kupasuka. Kwenye tezi inapofungwa injini, povu jepesi halina nafasi kabisa: weka povu zito la kilo 200 na zaidi au plaiwudi nzuri iliyozibwa kila ukingo. PET ni nafuu na inavumilia joto, lakini ili ikupe nguvu ileile itabidi ukubali uzito zaidi.

Anayebisha namwambia afanye jaribio la jioni moja. Tengeneza kipande kirefu na chembamba, kwa povu, kitambaa na rezini utakazotumia kwenye boti. Kikishakauka kabisa, kilaze juu ya magogo mawili, kanyaga katikati mpaka kivunjike, halafu tazama jeraha. Ngozi ya chini imechanika? Vizuri, faiba imefanya kazi mpaka mwisho. Kiini kimepasuka kwa mshazari? Povu ni jepesi mno. Ngozi imebanduka safi, haina hata chembe ya povu? Hapo tatizo ni ugandishaji. Kipande hicho kitakufundisha kuliko mimi, na wala hakibishi.

“Seli zake zimefungwa, kwa hiyo halinyonyi maji”

Seli ni vijishimo vya hewa ndani ya povu. Hili husemwa juu ya povu la kumimina, lile la vimiminika viwili vinavyofura chini ya sakafu. Likiwa jipya ni kweli linaelea vizuri: mita moja ya ujazo ya povu la kilo 32 inabeba karibu kilo 990 katika maji ya bahari. Lakini likikaa miaka ndani ya maji ya mkukuni, likitikiswa na injini kila siku, seli zinavunjika moja moja na maji yanahamia humo. Boti inazidi kuwa nzito na mwenyewe anadhani injini imechoka. Ukilimimina, acha mfereji wa maji kupita chini yake, usilifikishe mkukuni. Na usilihesabu kama nguvu ya sakafu.

“Balsa inaoza, achana nayo”

Balsa ni mbao nyepesi sana inayotumika pia kama kiini. Iliyokatwa nyuzi zikiwa wima, ya kilo 150 hivi kwa mita ya ujazo, inahimili kubanwa mara kadhaa kuliko PVC ya kilo 80. Kinachoiozesha ni wewe na drili yako. Umetoboa tundu la skrubu, umepaka silikoni, umefunga, umekwenda zako. Silikoni ikichoka maji yanaingia.

Toboa tundu pana kuliko bolti, kwangua kiini pembeni ya tundu, jaza epoksi iliyokolezwa unga wa silika, iache ikauke, ndipo utoboe upya katikati ya epoksi. Bolti inapita ndani ya epoksi, haigusi kiini. Kwa tundu la bomba chini ya maji ondoa kiini chote mahali hapo, ubaki na faiba tupu, na kingo za kiini zishuke kwa mteremko. Yote haya yanahusu povu pia: hata lisipooza, bolti ikikazwa linabonyea.

“Kiini kikiwa kinene, ngozi iwe nyembamba tu”

Mpaka nanga ikuponyoke. Unene wa kiini unazuia kupinda, hauzuii kutobolewa. Na ngozi nyembamba mno ikibanwa inajikunja kwa mikunjo midogo kabla kiini hakijafanya lolote.

“Lilaze povu juu ya mkeka wa faiba uliolowa rezini, litashika lenyewe”

Na juu yake mawe manne na ndoo ya mchanga, nimeshaviona. Mawe yanabana yalipo, kwingine kunabaki mifuko ya hewa. Seli zilizokatwa usoni mwa povu zinakunywa rezini, kwa hiyo lipake kwanza rezini nyembamba lishibe, ndipo ulilaze kwenye lipu ya kugandishia na kulivuta kwa vakyumu, yaani pampu ya kunyonya hewa. Lile lililochanjwa miraba ili lifuate mpindo, kila mchanjo ujazwe. Ukiachwa wazi unakuwa mfereji wa maji kutoka tundu moja hadi upande wa pili wa boti. Ikishakauka, gonga kwa sarafu kila kiganja. Mlio mkali, sawa. Mlio mzito uliofubaa, weka alama ya kalamu, toboa, jaza.

“Rangi ya sitaha ni urembo tu”

Ipake nyeusi, iache jua la saa saba, kisha jaribu kukaa juu yake bila nguo nzito. PVC chini ya ngozi hiyo inalainika na kutoa gesi, na gesi inanyanyua ngozi kwa malengelenge. Nyeupe, au kijivu hafifu. Ukitaka nyeusi, ipake ubavuni kwenye faiba tupu.