Mashairi ya Kiroho na Mtu Mwenye Huzuni: Dhana Potofu Zinazotunyima Faraja

Hapa Kisumu ni nadra kuingia nyumba ya Mkristo ukakosa zaburi. Zimo nyuma ya Agano Jipya dogo la mfukoni, zimo katika Biblia kubwa iliyofunikwa kitambaa juu ya kabati, na mstari mmoja mmoja umetundikwa sebuleni ndani ya fremu. Hata hivyo nimesikia watu wengi wakisema kwamba siku walipokihitaji kitabu hicho, hakikuwasaidia kitu. Naamini shida kubwa iko katika mambo tuliyoambiwa kuhusu mashairi ya kiroho. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara kanisani, kwenye matanga na ndani ya matatu za kwenda Ahero.

"Mashairi ya kiroho ni maneno matamu ya kuchangamsha moyo"

Hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi. Mtu amefiwa, anafungua Zaburi akitarajia kutulizwa, anamkuta humo mtu anayelia kuliko yeye. Anafunga kitabu akidhani amekosea ukurasa.

Hajakosea. Kati ya zaburi 150, zaidi ya hamsini ni maombolezo: ya mgonjwa, ya aliyesingiziwa, ya aliyekimbiwa na rafiki, ya taifa lililoshindwa vitani. Hakuna aina nyingine ya zaburi iliyo nyingi kuliko hiyo. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne ndani ya aya mbili za kwanza: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Anayeuliza hivyo hajakosa imani. Anamuuliza yule yule anayemwamini.

Nyingi za zaburi hizi zina mwendo wake. Mwombolezaji huanza kwa kilio, akaieleza shida, akaomba, kisha akafikia tumaini au ahadi ya kushukuru. Katika Zaburi ya 13 safari nzima ni aya sita tu. Lakini iko moja ambayo haifiki huko, na mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio cha usiku na mchana, na inaisha hivi: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Basi. Hakuna aya ya kupangusa machozi. Waliozikusanya zaburi hawakuifukia, wala hawakuibandika mwisho mwema. Mama aliyemzika mtoto wake, ambaye bado hajaweza kuitikia "Mungu ni mwema" wenzake wanapoitikia, anayo zaburi yake ndani ya Maandiko, na kichwa cha zaburi hiyo kinaihesabu miongoni mwa zaburi za wana wa Kora, waliokuwa waimbaji wa hekalu. Maana yake kilio cha namna hiyo kilikuwa na mahali katika ibada.

Sisi wa huku tulipaswa kulielewa hili upesi. Katika matanga ya Kiluo mtu huingia bomani akilia kwa sauti, akimtaja marehemu kwa majina yake ya sifa, wala hakuna anayemnyamazisha. Halafu siku ya mazishi tunasoma Zaburi ya 23 peke yake, kana kwamba kitabu kizima kinajua malisho ya majani mabichi tu. Zaburi ya 23 ni nzuri mno, nami ningependa isomwe nitakapozikwa. Lakini isiachwe peke yake.

Kuna na hii ya 69: "Ee Mungu, uniokoe, maana maji yamefika mpaka nafsini mwangu." Mtu aliyekulia mlimani huisoma kama fumbo. Msomee mtu wa Nyando au wa Budalang'i, aliyewahi kuona mto Nzoia ukivunja kingo usiku. Wasomee waliohama ufuoni mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda likaingia nyumbani na mashambani mwao. Wao wanayajua matope yasiyo na mahali pa kusimama, ambayo mshairi anayataja katika aya inayofuata. Wachungaji na mapadri wanaokwenda kwenye kambi za waliofurikiwa, nawasihi: anzeni na hiyo.

"Hasira mbele za Mungu ni dhambi, kwa hiyo zaburi za laana zirukwe"

Zaburi ya 137 huanza kando ya mito ya Babeli. Wababeli waliuangusha mji wa Yerusalemu mwaka 586 kabla ya Kristo na kuwahamisha watu wake, na katika zaburi hii wahamishwa wametundika vinubi mitini kwa sababu waliowateka wanawadai nyimbo za kwao. Sehemu hiyo inajulikana na kuimbwa dunia nzima. Aya za mwisho hazisomwi sana, maana zinawatakia adui maovu, hata watoto wao wachanga.

Nakubali kwamba aya hizo hazifai kusomewa watoto wa shule ya Jumapili bila maelezo. Lakini kuzifuta si dawa. Hazimwagizi msomaji kumdhuru mtu. Ni maneno ya mtu aliyebomolewa kila kitu, anayempelekea Mungu hasira yake badala ya kuipeleka kwa jirani. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ulijaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao, na huku Kisumu familia zilikuwa zikizika waliopigwa risasi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo asikasirike, atakuona hujui usemalo. Kinachowezekana ni kumwonyesha mahali pa kuimimina, ambapo haitamuua yeye wala mwingine. Mara nyingi tunamhimiza mtu asamehe kabla hajaruhusiwa kusema alichofanyiwa, na msamaha wa hivyo haushiki.

"Zaburi zote aliandika Daudi"

Vichwa vya zaburi katika Kiebrania vinamtaja Daudi kwenye 73. Nyingine kumi na mbili zinamtaja Asafu, nyingine wana wa Kora, ya 90 inamtaja Musa, ya 72 na ya 127 Sulemani, na nyingi hazimtaji mtu. Zimetokana na vizazi vingi. Jambo hili lina faraja yake: kitabu kimebeba sauti nyingi, kwa hiyo usipojiona katika sauti ya mfalme, huenda ukajiona katika sauti ya Asafu, anayekiri katika Zaburi ya 73 kwamba aliwaonea wivu matajiri waovu, nusura aache njia.

"Hayana vina wala mizani, kwa hiyo si mashairi"

Sisi tuliofundishwa shairi la Kiswahili shuleni tunatafuta vina vya kati na vya mwisho, na tusipoviona tunadhani tumepewa hotuba. Ushairi wa Kiebrania umejengwa kwa njia nyingine. Mwingereza Robert Lowth aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1753: wazo husemwa, kisha kipande cha pili hulirudia kwa sura nyingine, hulipinga au hulisukuma mbele. "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake." Kinachofanana hapo ni mawazo, na mawazo huvuka kutoka lugha hadi lugha yakiwa mazima, ndiyo maana zaburi hupendeza kwa Kiswahili, kwa Kidholuo na kwa Kiluhya.

Kuna kinachopotea, kwa kweli. Zaburi ya 119, yenye aya 176, imegawanywa katika mafungu 22 ya aya nanenane, na aya zote nane za fungu huanza kwa herufi moja ya Kiebrania, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ufundi huo hauonekani kwetu. Ila ule wa vipande viwili upo, na unausikia ukisoma kwa sauti. Someni wawili: mmoja kipande cha kwanza, mwenzake cha pili. Mtu aliyechoka kwa huzuni hana nguvu ya kusoma ukurasa, lakini kipande kimoja anaweza, kisha anapumzika mwenzake akisoma.

"Kila dini na washairi wake, ya wengine hayatuhusu"

Nimeshaambiwa kwamba Al-Inkishafi, shairi la kale la Kiswahili, ni la Pwani na la Waislamu, kwa hiyo mtu wa Magharibi analitafutia nini? Kwanza, Uislamu huku si mgeni. Uliota Mumias tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na wafanyabiashara Waswahili waliokuwa wakifika kwake, mwishoni mwa karne ya 19. Pili, shairi lenyewe linamsemesha kila mtu aliyewahi kupenda vitu vinavyopita.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alilitunga kwa lugha ya kaskazini mwa Pwani, na ndani yake anaongea na moyo wake mwenyewe. Anaukemea, anaubembeleza, anauuliza kwa nini bado unaifuata dunia iliyokwisha kuuhadaa. Kisha anauonyesha Pate, mji uliokuwa tajiri na sasa ni magofu. Anapita nao nyumba kwa nyumba: hapa palikuwa na taa na wageni, sasa hakuna sauti ila ya wadudu, madaka ya ukutani yaliyopangwa vyombo vya thamani yamekuwa malalo ya makinda ya ndege. Nimekutana na watu waliopoteza kazi au biashara ambao ubeti huo uliwagusa kuliko mawaidha yoyote, kwa kuwa mshairi hawacheki. Naye amesimama palepale penye magofu.

"Lakini Kiswahili chake ni kigumu." Ni kigumu, kweli. Tafuta chapa yenye maelezo, na usingoje kuelewa kila neno ndipo uanze. Ubeti una mistari minne, kila mmoja wa mizani kumi. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unarudi kwenye kina kile kile kuanzia mwanzo wa shairi hadi mwisho. Sikio hushika marejeo hayo kabla akili haijamaliza kuelewa. Ubeti mmoja kwa juma unatosha kabisa. Ukiukariri leo, maana yake inaweza kukufikia miaka mingi baadaye, siku utakapoihitaji.

Na tusisahau jirani zetu Masingasinga, ambao mafundi wao walikuja na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Guru Granth Sahib, kitabu wanachokiheshimu kuliko vyote, ni mashairi ya kuimbwa, kurasa 1,430. Ndani yake zimo tungo za Kabir, aliyekuwa mfumaji, na za Farid, sheikh wa Kiislamu. Walioikusanya hawakuogopa faraja iliyotoka kwa jirani.

Hapa niongeze onyo dogo juu ya Rumi, ambaye maneno yake yamejaa kwenye simu zetu. Jalaluddin Rumi, aliyeishi 1207 hadi 1273, alikuwa mwanachuoni na mhubiri wa Kiislamu. Masnavi yake, vitabu sita vya Kiajemi vyenye beti zipatazo 25,000, imeshonwa kwa Kurani na visa vya Mitume. Mengi yanayosambazwa kwa jina lake ni maandishi mapya yaliyotungwa kwa kumfuata kwa mbali. Ukimtaka Rumi, tafuta tafsiri iliyotoka moja kwa moja katika Kiajemi.

"Ukiwa na kitabu, huhitaji mtu"

Zaburi nyingi ziliimbwa na mkusanyiko, na hata anayelia peke yake humo analia juu ya marafiki waliomwacha, maana anawataka. Ukiona usingizi umekukimbia kwa majuma, chakula hakipiti au unawaza kujitoa uhai, mwambie mtu leo hii, na uende hospitali. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu ipo. Kitabu utakwenda nacho mkononi.

"Lazima uanze mwanzo umalize mwisho," au "fungua popote, jibu litakutokea"

Njia hizi mbili zimewachosha wengi. Ya kwanza hukufanya umalize kitabu bila kukaa na shairi hata moja. Ya pili hugeuza mashairi kuwa ramli, na siku utakapoangukia ukurasa mkali utadhani umelaaniwa.

Kwa aliye katika huzuni sasa hivi, ningependekeza hivi. Anza na Zaburi ya 13 kwa sauti, asubuhi na jioni, mpaka uizoee. Kisha ya 42, ya yule anayeiuliza nafsi yake kwa nini imeinama. Kisha ya 130, inayoanza kutoka vilindini na ina aya nane tu. Ukiwa na hasira au wivu, ongeza ya 73. Kama Biblia yako ni chapa ya zamani ya Kikatoliki, angalia namba: zaburi nyingi humo ziko nyuma kwa moja, na ya 23 utaikuta ikiitwa ya 22. Ukifika ya 131, yenye aya tatu, usiharakishe kwenda nyingine. Isome, rudi kwenye ya 13, kisha uisome tena.