Anayepanda Ngazi Naye Huogopa

Vijana wanaoniletea rasimu za michezo yao ya video hapa Kigoma, wengi wao wakiwa wamepiga gemu kwa miaka katika mabanda ya Mwanga na Ujiji kabla ya kujifunza kuandika programu, wana sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuimalizia kabla mwenyewe hajafika katikati: "Mwalimu, nimeondoa alama za uzoefu, maana mtu akishapanda ngazi hawezi kuogopa tena." Husemwa kwa uhakika wa mtu anayesoma kanuni ya hesabu ubaoni. Msemaji huyo anataka kuunganisha mchezo wa kutisha, ule wa kunusurika kwa risasi chache na dawa za kuokoteza, na mapigano ya mchezo wa kuigiza mhusika (RPG), ambamo mhusika hukusanya alama za uzoefu na kupanda ngazi, yaani kuongezeka uwezo. Lakini kwa kuwa amekwisha kuamini kwamba viwili hivyo havipatani, huniletea rasimu ambayo tayari imeondolewa kila kitu kilichomvutia katika muungano huo. Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, na nitaishughulikia kwa urefu.

Historia yenyewe inaikana. Mwaka 1989 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Sweet Home kwa ajili ya Famicom, mashine ya michezo ya video ya enzi hiyo, chini ya uongozi wa Tokuro Fujiwara. Watu watano wanaingia katika jumba la kale lenye mzuka. Wanapigana kwa zamu, yaani kila upande husubiri mwingine utende, wanakusanya uzoefu na wanapanda ngazi, sawasawa na mchezo wowote wa kuigiza mhusika wa enzi hiyo. Hata hivyo mchezo huo unaogofya, kwa sababu anayekufa hafufuki, dawa ni zile tu zilizotawanyika ndani ya jumba, mikoba ni midogo, na kila mmoja wa watano hao ana chombo ambacho wenzake hawana. Mwenye chombo fulani akifa, waliobaki wanaweza kutafuta kingine cha kazi hiyohiyo, lakini sasa kitakula nafasi ya mkoba ambayo ingebeba dawa. Ngazi zipo, zinapanda, na bado mchezaji husita mbele ya kila mlango, kwa kuwa mtu aliyemlea kwa saa kadhaa anaweza kupotea moja kwa moja. Kwa maneno mengine, ngazi ndizo zilizokiongezea kifo uzito: kadiri mhusika alivyokua ndivyo hasara ya kumpoteza ilivyokua.

Baadaye Fujiwara alimkabidhi Shinji Mikami kazi ya kutengeneza mchezo mpya kutokana na mawazo ya Sweet Home, na matokeo yake yakawa Resident Evil ya mwaka 1996. Jumba lilibaki, mkoba mdogo ulibaki, milango inayofunguka taratibu ilibaki. Ngazi na mapigano ya zamu viliachwa. Nadhani hapo ndipo dhana hii ilipozaliwa. Watu wengi wanaijua Resident Evil na hawamjui mzazi wake, hivyo wanadhani kila kilichoachwa njiani kiliachwa kwa sababu kilikuwa kinaua hofu.

Hofu katika michezo hii hutegemea hesabu ya kila pigano, yaani kile kinachotoka mkononi mwa mchezaji na kile kinachoingia. Katika mchezo wa kawaida wa kuigiza mhusika, pigano ni pato: ukishinda unapewa uzoefu, sarafu na vifaa, na ukipumzika kidogo uhai wako unarudi. Katika mchezo wa kutisha wa kunusurika, pigano ni gharama: risasi zimekwenda, bandeji imekwenda, na aghalabu hakuna kilichorudi. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi hupima mafuta kabla ya kuingia ziwani usiku, kwa sababu usiku usio na dagaa humla mtaji. Angekuwa analipwa kwa kila safari, apate asipate, asingejali hata mbalamwezi inayoharibu uvuvi. Mchezaji ni hivyohivyo. Ukimlipa kwa kila zimwi analoliua, atayatafuta mazimwi, na hakuna muziki wa kutisha wala kivuli kitakachomrudisha nyuma.

Chukua rasimu mojawapo iliyonifikia, ambayo wazo lake lilikuwa zuri kwelikweli. Matukio yote yalikuwa ndani ya meli kuukuu iliyokwama katikati ya Ziwa Tanganyika, na meli hiyo ilichorwa kwa mfano wa Liemba, ambayo Wajerumani waliijenga kwao mwaka 1913, wakaileta vipandevipande na kuiunganisha hapa Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, na Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Korido nyembamba, chumba cha injini, maji pande zote: mahali pa namna hiyo hapahitaji kupambwa. Lakini kila zimwi lilikufa kwa risasi mbili, likadondosha risasi tatu na alama 40 za uzoefu. Nilimtaka mwandishi wake aandike hesabu ya mazimwi kumi mfululizo. Alipofika mwisho, nahodha wake alikuwa na risasi kumi zaidi ya zile alizoanza nazo, na alikuwa amepanda ngazi mbili. Nani amkimbie anayemlipa? Lawama, bila shaka, zilitupiwa kule kupanda ngazi kwa mhusika, wakati kosa lilikuwa katika zile risasi tatu na katika uamuzi wa kutoa uzoefu kwa ajili ya kuua.

Uamuzi huo si amri ya Mungu. System Shock 2 ya mwaka 1999 ina takwimu za mhusika, ina ujuzi wa kununua, ina matawi ya nguvu za akili na ya silaha. Ni mchezo wa kuigiza mhusika kwa kila kipimo. Moduli zinazotumika kukuza ujuzi hutolewa kwa kutimiza kazi na kwa kupekua chombo cha angani ambamo mchezo unafanyika, wala hazitolewi kwa kuua. Bunduki nazo huchakaa kadiri zinavyofyatuliwa, mpaka zikwame. Kwa hiyo mchezaji anakua huku kila pigano likiendelea kuwa hasara, na mtu mwenye ujuzi mwingi bado hujibanza nyuma ya mlango akisubiri nyayo zipite. Fear & Hunger, aliyoitoa Miro Haverinen wa Ufini mwaka 2018, imekwenda mbali zaidi: ina mapigano ya zamu bila alama za uzoefu kabisa, na adui anaweza kumkata mhusika mkono, naye akaendelea na safari bila mkono huo. Njia hizo mbili zinatofautiana sana, lakini waundaji wote wawili walijua pigano linagharimu kiasi gani kabla ya kuamua ngazi zifanye kazi gani.

Ndiyo maana, kabla ya mstari wa kwanza wa programu, ninadai daftari la kawaida la shule lenye safu mbili, kutoka na kuingia, na kila adui aandikwe humo pamoja na risasi, dawa na muda anaogharimu, na kile anachoacha. Anayekuja bila daftari hilo namrudisha nyumbani, na wapo wanaonung'unika. Safu ya kuingia ikiizidi ya kutoka kwa adui wa kawaida, umetengeneza mchezo wa mapigano wenye taa hafifu. Unaweza kuwa mchezo mzuri, lakini usiniambie unatisha.

Jambo la pili ninalolisisitiza ni aina ya ukuaji. Ngazi inayoongeza nguvu za pigo kutoka 10 hadi 15 inafuta hofu kweli, kwa sababu zimwi la jana leo linakufa kwa pigo moja. Ngazi inayomfundisha mhusika kufunga jeraha kwa kitambaa kidogo zaidi, kufungua mlango bila kelele, au kutambua adui kwa sauti yake kabla ya kumwona, inampa njia zaidi za kuchagua bila kumwondolea haja ya kuchagua. Huyo amekua, na bado anaweza kufa kwenye korido ileile.

Wapo wanaodhani wamelitatua tatizo kwa kuwapandisha maadui ngazi sambamba na mhusika. Hapo hakuna aliyekua. Tarakimu ndizo zimenenepa. Mchezaji hutambua upesi kwamba jasho lake halikununua chochote, na anachokipata ni uchovu, ambao vijana wengi huuchanganya na ugumu, na ugumu nao wakauchanganya na hofu.

Dhana ya pili kwa kusumbua, ingawa iko mbali na ile ya kwanza, ni kwamba mapigano ya zamu hayawezi kutisha kwa sababu adui anakusubiri. Anayesema hivyo hajawahi kukaa mbele ya orodha ya amri akiwa na dawa moja na majeruhi wawili. Mapigano ya papo kwa papo humpa mchezaji kisingizio cha vidole. Zamu inamnyang'anya kisingizio hicho, kwa kuwa alikuwa na muda wote wa kufikiri na bado amekosea. Katika Darkest Dungeon ya mwaka 2016 zamu yoyote inaweza kupandisha au kushusha msongo wa mawazo wa wahusika, mwenge ukififia mambo huzidi kuwa mabaya, na shujaa aliyekufa kwa kawaida harudi tena. Ipo pia njia ya kati: Parasite Eve, ambayo Square iliitoa mwaka 1998 na kuiweka New York wakati wa Krismasi, humwacha mchezaji akimbie huku na huko akikwepa wakati kipimo cha muda kinajaa, kisha inasimamisha kila kitu ili achague shabaha. Mimi naiona ikiwa na mapato mengi mno, lakini kipimo kile ni somo zuri, kwa sababu sekunde za kusubiri kijae zinaogopesha kuliko kufyatua kwenyewe.

Kinachoharibu zamu ni mapambano ya kushtukiza yanayokuja kila baada ya hatua chache. Koudelka ya mwaka 1999 ilikuwa na mandhari ya kutamanika, nyumba ya watawa ya Wales mwaka 1898, lakini skrini inapokatika tena na tena kuingia katika uwanja wa mapigano wa miraba, ukimya uliojengwa kwa uangalifu humwagika. Maadui wachache, wanaoonekana, wenye mahali pao: hilo linatosha.

Wanaosema hofu ya kweli inataka silaha ziondolewe kabisa wanataja mchezo wa aina nyingine. Amnesia: The Dark Descent ya mwaka 2010 ilifanya hivyo vizuri sana, lakini huwezi kuchanganya mapigano na kitu kisicho na mapigano. Unachoweza kuiga ni kiasi katika mapigano: Vampire: The Masquerade – Bloodlines ya mwaka 2004 ni mchezo wa kuigiza mhusika uliojaa mapigano, na sehemu yake inayokumbukwa zaidi kwa kutisha ni hoteli moja ambamo mchezaji hapigani na mtu yeyote. Katika daftari langu la safu mbili, hoteli hiyo ingekuwa ukurasa mmoja mtupu, basi.

Dai kwamba mchanganyiko huu ni mtindo mpya, nimekwisha kulijibu kwa mwaka 1989. Na wacheza michezo ya mezani walikuwa wamefika huko mapema zaidi, kwa kuwa Call of Cthulhu, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ilitoka mwaka 1981 ikiwa na kipimo cha akili timamu kinachopungua kwa kile mhusika anachokiona.

Dhana ya kwetu zaidi ni kwamba ukiweka mzimu, jini au mchawi wa huku magharibi mwa Tanzania, hofu itakuja yenyewe. Haiji. Mzimu unaodondosha risasi tatu ni sawa na zimwi linalodondosha risasi tatu. Na anayetaka adui wake awe bibi kizee mwenye macho mekundu ajue kwamba katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa dhana hiyohiyo, ilhali macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Rasimu ya namna hiyo siisomi.

Mwisho ni wale wanaosubiri kompyuta kubwa. Famicom ilikuwa na uwezo mdogo kuliko simu yoyote ya kisasa iliyo mfukoni mwako, na Fear & Hunger ilitengenezwa kwa RPG Maker, programu ya kuundia michezo ambayo wengi huiona ya wanaoanza. Godot, nayo programu ya kuundia michezo, hupatikana bure, na mapigano ya zamu hayadai kadi ya michoro ya gharama. Daftari ni la shule, na kalamu unayo.