Macho ya Manjano: Kwa Nini Tunachukua Kinyama cha Kupima Kabla ya Kutoa Dawa

Miezi ya karibuni dawati letu la malalamiko limekuwa likipokea swali lilelile: mgonjwa macho yamegeuka manjano, anajikuna usiku kucha, mbona mnamzungusha kwenye vipimo badala ya kumpa dawa? Swali ni la haki. Jibu lake ni refu kidogo.

Chanzo kimojawapo cha macho ya manjano ni hiki: nyuma ya matumbo, kuuzunguka mshipa mkuu wa damu, huweza kuota tishu ngumu mithili ya kovu, ingawa hapakuwa na kidonda. Ugonjwa huu ni adimu. Huitwa pia kwa jina la Ormond, daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1948. Mara nyingi kovu hilo hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mara chache sana husambaa hadi kwenye kongosho na kuukaba mfereji wa nyongo, ambao kwa kawaida upana wake ni milimita chache tu. Nyongo ikikosa njia huingia kwenye damu: mkojo unakuwa kama chai ya rangi, choo kinapauka kama udongo mfinyanzi.

Hii si homa ya manjano ya mbu. Wala si homa ya ini, na narudia kwa sababu kila kliniki naambiwa "alishapimwa homa ya ini, hana", kana kwamba kazi imekwisha. Ndiyo kwanza inaanza.

Siti skani, yaani picha ya ndani ya mwili, huonyesha kwamba kuna kitu kinakaba mfereji. Peke yake haitoshi kutuhakikishia kama ni kovu, saratani ya kongosho, saratani ya matezi au kifua kikuu cha tumboni. Ndiyo maana tunachukua kinyama, yaani kipande kidogo cha tishu hiyo cha kupima maabara. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, husinyaza kovu, kweli, nasi huiandika. Lakini ikimezwa mapema huweza kuificha saratani ya matezi, na kifua kikuu hukipa nguvu. Aliyekwisha kuinunua dukani kwa ushauri wa jirani atuambie, hatutamgombeza. (Au tutamgombeza kidogo.)

Kuhusu mrija wa kufungua mfereji wa nyongo. Kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba, kisha mrija wa plastiki hupenyezwa ndani ya mfereji. Mgonjwa asile chochote kwa saa 8 kabla. Aje na msindikizaji, fomu ya ridhaa iliyosainiwa, majibu ya kipimo cha kuganda kwa damu na orodha ya dawa zake zote, hasa zinazozuia damu kuganda. Fomu isiyo na saini hairuhusu kuingia chumba cha kamera, hata kama mmesafiri usiku kucha. Mrija huziba kwa tope la nyongo, hivyo hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi. Anayekosa tarehe bila taarifa hupangwa upya mwishoni mwa foleni. Inauma, lakini nafasi ile angepewa mwingine.

Wapo wanaotoweka kwa kuwa macho yameshakuwa meupe. Hiyo ni kazi ya mrija, kovu bado lipo.

Homa ya kutetemeka ikianza, usingoje tarehe wala asubuhi. Njoo mapokezi ya dharura usiku huohuo. Hapo foleni haikuhusu.