Skripti haijapotea, R ndo imesimama folda nyingine

Habari za baridi jamani, huku Mbeya saizi asubuhi vidole haviandiki mpaka chai iingie. Hapa kitengoni kwetu haipiti wiki bila mtu kuja na kompyuta kwapani analalamika eti R, ile programu ya takwimu, imegoma kusoma skripti yake, yani faili la amri zake, na mara nyingi wala haijagoma.

Juzi kaja dada mmoja anafanya utafiti wa viazi mviringo, faili lake viazi.R analiona kabisa kwenye desktopu, akiandika source("viazi.R") ili R iliendeshe anajibiwa hakuna faili wala folda ya jina hilo. Nikamwambia andika getwd() kwanza, R iseme imesimama folda gani, ikatoka Documents. Yani unamwita mtu ukiwa Sokomatola na yeye yupo Uyole, utaita mpaka koo likauke. R haitafuti kompyuta nzima, inaangalia folda iliyosimama basi, kwa hiyo unaihamisha kwa setwd() au unaipa njia nzima ya faili, ila angalia ukikopi njia toka Windows inakuja na ule mkwaju wa \ ambao R inauelewa vingine kabisa, ugeuze uwe / au uandike mara mbili \\.

Tukahamia desktopu, bado! Nikampa list.files(), inayoorodhesha mafaili ya folda hiyo, kumbe jina kamili ni viazi.R.txt, aliandikia Notepad na Windows ikaficha mkia. Tukafuta hiyo .txt kwenye jina, ikafunguka.

Sasa kitu wengi hawakijui, source() kwanza inapitia faili zima kukagua uandishi ndo ianze kazi, mabano usiyofunga mstari wa 80 yanatosha kuzuia hata mstari wa 1. Ila ukikosea jina tu, mfano data yako umeiita mavuno halafu ukaandika mavno, itaenda vizuri mpaka ifike pale isimame, na ya juu yake yote yameshafanyika.

Halafu kuna ile ya kimyaa. Ukiandika mean(mavuno), yani wastani wa mavuno, kwa mkono jibu unaliona, ukiiweka ndani ya faili ukaita source() hakitoki kitu, watu wanadhani imeharibika. Hesabu imepigwa, hujaiambia ionyeshe tu. Weka print(mean(mavuno)), au ongeza echo=TRUE pale unapoita.

Mi kabla sijamruhusu mtu aondoke namwambia aiendeshe pia kwa Rscript viazi.R, nje ya R kwenye dirisha la amri la kompyuta, maana hiyo inawasha R mpya isiyojua chochote ulichopakia asubuhi. Yule dada ikamkatalia palepale, mavuno haijulikani. Kumbe data alishaisoma kwa mkono wiki mbili nyuma, akawa anakubali kuseivu kila akifunga R, basi ikifunguka inarudi nayo yenyewe. Tukaongeza mstari mmoja wa read.csv, wa kusoma data toka kwenye faili lake, juu kabisa ya skripti, ikapita.