"Afungwe kwanza": mnachokosea kuhusu kifungo cha madai

Wiki iliyopita mama mmoja mfanyabiashara aliniwekea mezani nakala ya tuzo, yaani amri ya mahakama inayotokana na hukumu, imekunjwa mara nne hadi maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika. Alikopesha saruji, akashtaki, akashinda: milioni 12 na gharama za kesi juu. "Wakili, miezi minane hajatoa hata shilingi. Sitaki kingine, afungwe kwanza."

Hilo "afungwe kwanza" nalisikia mno, na safari hii naliandikia, kwa sababu linawalia watu fedha.

Kifungo cha madai, yaani kumweka mdaiwa gerezani ili alipe, si adhabu. Kushindwa kulipa deni si jinai. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania, Sura ya 33, inakitaja kama njia mojawapo ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, pamoja na kukamata na kuuza mali, na kushika fedha za mdaiwa zilizo benki au kwa mtu mwingine. Kabla ya kumfunga, mahakama humwita aeleze kwa nini asifungwe. Akionyesha kwamba kweli hana kitu, anarudi nyumbani. Ni lazima ionekane ana uwezo na anakataa kulipa, au amehamisha mali kwa hila, au yuko mbioni kutoroka. Kwa hiyo unaposimama mbele ya hakimu na kusema "huyu hana chochote, mfungeni tu", umemfanyia utetezi wake wote.

Halafu kuna posho. Mfungwa wa madai analishwa kwa fedha za mshinda tuzo. Ukiacha kulipa, anaachiliwa. Nilipomweleza yule mama alinyamaza kidogo. "Yaani nimlishe mimi?" Ndiyo, mama, wewe. Na kikomo ni miezi sita. Akitoka, deni liko palepale, ila kwa tuzo hiyohiyo huwezi kumkamata tena.

Nakiri kwamba nimeona kifungo kikizaa fedha, tena asubuhi ileile ya safari ya gerezani. Lakini waliozileta walikuwa ndugu. Mmoja alikuwa mke wa mdaiwa. Alihesabu noti kwenye benchi la korido, mkononi bado ana risiti ya cherehani aliyoiuza. Mteja wangu alilipwa, faili likafungwa. Sijui kama siku ile tulikaza hukumu dhidi ya mdaiwa au dhidi ya mkewe, na jambo hilo linanisumbua mpaka leo, ingawa mteja akiniagiza bado napeleka maombi hayo.

Kinachowashinda wengi ni mali. Mahakama haikutafutii mali ya mdaiwa. Ukiandika kwenye maombi "mali zozote za mdaiwa", dalali wa mahakama, anayetumwa kukamata mali, ataenda na kurudi mikono mitupu, na gharama zinabaki kwako. Andika namba ya usajili wa gari, namba ya kiwanja, benki na tawi. Nyumba anayoishi na mkewe na watoto wanaomtegemea iacheni, haikamatwi kwa tuzo ya kawaida ya fedha. Vivyo hivyo vyombo vya kupikia, vitanda na zana za fundi. Nyumba aliyopangisha ni habari nyingine. Mali ya Serikali haikamatwi, ina utaratibu wake. Muda wa kukaza hukumu mnao, miaka 12, lakini ukikaa zaidi ya mwaka mmoja mdaiwa lazima apewe kwanza notisi ya kujieleza. Na kama mnamwona anauza mali kesi ikiendelea, ombeni zizuiwe kabla ya hukumu, msisubiri.

Kama hamjui mali iko wapi, Amri ya 21 ya sheria hiyohiyo inaruhusu mdaiwa aitwe na kuhojiwa chini ya kiapo kuhusu alichonacho na watu anaowadai. Sielewi kwa nini njia hii haitumiki zaidi. Niliwahi kumhoji mdaiwa aliyeapa kwamba hana gari, hana shamba, akaunti ni tupu. Nikamuuliza kazi yake ya mwisho ilikuwa ipi. Akataja jengo alilopiga plasta. Umeshalipwa? "Bado nusu." Nusu hiyo ilikuwa mikononi mwa mkandarasi, na ndiyo tuliyoiombea amri ya kushikwa.

Yule mama wa saruji ameondoka na karatasi ya maswali sita ya kumuuliza mdaiwa, aongezee mwenyewe anayoyajua. La kwanza nimeliandika kwa herufi kubwa: NANI ANADAIWA NA WEWE?