Kumsoma Polisi wa Kijeshi Katika Karatasi Zake

Kazi yangu ni kufukua kumbukumbu za utumishi wa askari wa Marekani waliopigana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na maombi yanayonichukua muda mrefu kuliko yote ni yale yanayohusu polisi wa kijeshi. Ndugu wa askari wa miguu hunijia na jina la mapigano. Ndugu wa polisi wa kijeshi hunijia na kitambaa cha mkononi chenye herufi mbili nyeupe, MP, pamoja na maneno waliyoyasikia tangu utotoni, kwamba babu alikuwa akiongoza magari, na huyasema maneno hayo kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Radhi ya nini? Polisi wa kijeshi walifanywa kuwa tawi la kudumu la jeshi la nchi kavu la Marekani tarehe 26 Septemba 1941, wakiwa watu elfu chache tu, na vita vilipokwisha walikuwa wamezidi 200,000. Hawakuongezwa kiasi hicho kwa ajili ya kukamata walevi. Jeshi lililotegemea malori lilihitaji mtu katika kila njia panda, na mfano ulio wazi zaidi ni msafara ulioitwa Red Ball Express, uliofanya kazi nchini Ufaransa kuanzia 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944. Barabara zilitengwa mbili, moja ya malori yenye shehena kwenda mbele na nyingine ya malori matupu kurudi, magari ya raia yakazuiwa, na kuna siku msafara huo ulifikisha zaidi ya tani 12,000. Madereva, ambao takriban robo tatu yao walikuwa Wamarekani weusi, ndio wanaokumbukwa, na wanastahili kukumbukwa. Lakini aliyezuia dereva aliyelemewa na usingizi asiingie barabara isiyo yake alikuwa askari aliyesimama kwenye matope, mara nyingi akiwa na mwenzake mmoja tu.

Wengine wote hupita njia panda na kuisahau. Yeye ndiye aliyeamriwa kubaki pale, na njia panda huonekana kwenye ramani ya kila mpiga mizinga. Desemba 1944, Wajerumani waliposhambulia ghafla katika misitu ya Ardennes, huko Ubelgiji na Luxembourg, makomando wa Otto Skorzeny, ofisa wa Kijerumani, waliovaa sare za Kimarekani walipenya nyuma ya mstari wa mbele ili kuvuruga barabara, na ghafla mtu wa kuongoza magari akawa mtu wa kuhoji kila anayepita. Maswali yalikuwa ya besiboli na ya miji mikuu ya majimbo. Jenerali Omar Bradley, mmoja wa makamanda wakuu wa Marekani, alisimulia mwenyewe baadaye kwamba aliulizwa mji mkuu wa Illinois, akajibu Springfield, na askari aliyemsimamisha akashikilia kuwa ni Chicago. Jenerali ndiye aliyekuwa sahihi, ingawa nampenda zaidi yule askari, kwa kuwa hakutishwa na nyota za begani.

Upo pia upande usiopendeza, na mwenye kazi kama yangu hana ruhusa ya kuuruka. Polisi wa kijeshi alikuwa na mamlaka juu ya askari wenzake, na mamlaka hayo hayakutumiwa kwa haki kwa kila rangi. Katika kijiji cha Bamber Bridge nchini Uingereza, usiku wa kuamkia 25 Juni 1943, jaribio la polisi wazungu la kuwakamata askari weusi waliokuwa baa liligeuka kuwa mapambano ya risasi, na askari mmoja mweusi akauawa. Kwa hiyo babu anapokataa kuhudhuria mikutano ya wakongwe wa vita, huenda sababu si unyenyekevu kama familia inavyodhani. Waliotumikia pamoja naye huenda waliwahi kulala mahabusu kwa mkono wake.

Sasa nije kwenye karatasi zenyewe. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, ukateketeza kati ya majalada milioni 16 na 18, yakiwemo takriban asilimia 80 ya yale ya askari wa nchi kavu walioachishwa utumishi kati ya 1912 na 1960. Anayetafuta leo hulazimika kuunga vipande, na kipande chenye thamani kubwa ni ripoti ya asubuhi, iliyoandikwa kila siku na kila kombania kuonyesha ilipo na nani ameingia, ametoka, ameugua au ametoroka. Tatizo lake ni kwamba huandika mabadiliko tu. Askari asiyeumwa, asiyepandishwa cheo na asiyekosa zamu anaweza kupita miezi mitano bila jina lake kuonekana hata mara moja, na ninayemtafuta mimi huwa ni mtu wa aina hiyohiyo. Zaidi ya hapo, polisi wa kijeshi walitawanywa wawiliwawili, mbali na makao ya kombania, kiasi kwamba mahali palipoandikwa juu ya ukurasa si lazima pawe ndipo alipolala.

Hati ya kuachishwa utumishi, fomu iliyojulikana kama 53-55, husaidia zaidi. Katika kisanduku cha kazi ya kijeshi natafuta namba 677, iliyo ya polisi wa kijeshi, kisha nashuka kwenye tarehe za kuvuka bahari kwenda na kurudi. Mwezi Mei 1945 askari alihitaji pointi 85 ili arudishwe nyumbani: moja kwa kila mwezi wa utumishi, nyingine kwa kila mwezi wa ng’ambo, tano kwa kila nishani au kampeni, na 12 kwa kila mtoto, wasiozidi watatu. Asiyezifikisha alibaki, na kwa polisi kubaki kulimaanisha kulinda mateka, maghala na miji iliyobomoka.

Jalada nililolifunga mwezi uliopita lilikuwa la mtu wa namna hiyo. Familia iliamini kwamba alirudi akawa polisi wa mji. Hakuwa. Alirudi mapema mwaka 1946, akatumia sheria ya 1944 iliyowalipia wakongwe karo ya hadi dola 500 kwa mwaka, akajifunza ufundi wa umeme, na akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu. Jalada lake la jeshi liliungua. Nakala ya hati yake niliikuta katika ofisi ya kumbukumbu ya kaunti alikozaliwa, ambako wakongwe waliruhusiwa kuisajili wakitaka, na wengi hawakujisumbua. Yeye, aliyekuwa amekesha miaka mitatu akidai karatasi za watu, aliipeleka siku ya nne baada ya kufika nyumbani.