Hali ya bima: maana yake kwa aliyeumia uti wa mgongo

"Hali ya bima" ni neno la mhasibu kabla halijawa la daktari. Linajibu swali moja: nani atamlipia mgonjwa huyu? Wengi hudhani majibu ni mawili tu, anayo au hana. Nchini Marekani majibu ni mengi: bima ya kampuni binafsi kupitia kwa mwajiri, Medicare (bima ya serikali ya wazee na baadhi ya walemavu), Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo), fidia ya ajali za kazini, au mfuko wake mwenyewe. Tena jibu linaweza kubadilika mgonjwa akiwa bado kitandani.

Mlango wa kuingilia hauna shida sana. Sheria ya EMTALA ya 1986 inazitaka hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea fedha za Medicare zimpime na kumtibu mwenye dharura hata kama hana uwezo wa kulipa. Aliyeanguka kutoka juu ya paa, miguu haina hisia, atapigwa picha, na ikibidi atapasuliwa kuondoa kinachobana uti wa mgongo, yaani shina la neva lililo ndani ya mifupa ya mgongo; madaktari wengi hutaka hilo lifanyike ndani ya saa 24.

Kazi iko kwenye mlango wa kutokea. Uti hauungi kama mfupa. Baada ya upasuaji mtu huhitaji utengamao wa wiki au miezi: kujifunza kuhamia kwenye kiti cha magurudumu, kujiwekea mpira wa mkojo, kuikagua ngozi isiyohisi maumivu. Sheria ile haimlazimishi mtu yeyote kumpa hayo, na kituo cha utengamao hakimpokei mtu kabla ya kujua nani analipa. Mwenye bima binafsi husubiri idhini ya kampuni, ambayo huweza kukataa na kupendekeza nyumba ya uuguzi, ambako mazoezi ni machache. Asiye na bima husubiri fomu za Medicaid zijibiwe.

Kwa hiyo ukisoma kwamba wasio na bima walilazwa siku nyingi zaidi, usiharakishe kusema walihudumiwa zaidi. Huenda siku hizo zilikuwa za kungoja tu, na kungoja kwa mtu asiyeweza kujigeuza kuna gharama yake: vidonda vya mgandamizo, maambukizi ya mkojo, damu kuganda miguuni.

Halafu kuna kichekesho kisichochekesha. Ajali inayoondoa uwezo wa kufanya kazi inaweza kuondoka pia na bima iliyokuja na kazi hiyo. Mtu wa chini ya miaka 65 huanza kupata malipo ya serikali ya ulemavu baada ya miezi 5 kamili, kisha kwa kawaida hungoja miezi 24 mingine ndipo Medicare imfungulie. Jeraha la uti halipunguziwi muda huo.